UPENDO NA UPENDELEO

Hotuba ya redioni. Masomo: 1 Wafalme 3:16–28, Matendo ya Mitume 10:34–35

Wapenzi wasikilizaji, hamjambo?

Nimewaamkia kwa neno ambalo vijana wa siku hizi hulicheka. Zamani mtu akisema redioni "wapenzi wasikilizaji" hakuna aliyeshangaa. Kila mtangazaji alisema hivyo, na barua zetu za nyumbani zilianza "Mpenzi baba" na "Mpenzi mama". Leo mjukuu wangu akinisikia huniuliza, "Babu, wasikilizaji wote hao ni wapenzi wako?" Kwake yeye mpenzi ni mtu mmoja tu, tena si mtu wa kutajwa mbele ya babu.

Lakini mtoto huyo amenifanya nifikiri. Ni kweli nimewaita wapenzi, na wala siwajui. Labda wewe ni mama unayekoroga uji, na redio iko dirishani. Labda ni mlinzi wa usiku unayengoja mwenzako aje kukupokea zamu. Labda umelala kitandani hospitalini, na redio ni ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Nimewapenda ninyi nyote kwa pumzi moja, na haijanigharimu hata senti. Basi asubuhi ya leo nataka tulitazame neno hili tunalolitumia kwa urahisi namna hii, tuone limetoka wapi na limebeba nini.

Shina lake ni "penda". Shina hili lina matawi mengi kuliko tunavyokumbuka. Ndimo yalimotoka upendo, na pendo, na mapenzi. Ndimo alimotoka mpenzi, na mpendwa, na kipenzi. Nguo nzuri hupendeza, na hilo ni tawi la shina lile lile. Ukitoa shauri mkutanoni, umetoa pendekezo, na hilo nalo ni tawi. Mwenye hoteli akikuuliza, "Utapenda chai au soda?" hana habari ya msalaba wakati huo, anataka kujua unataka nini. Katika Kiswahili, basi, kupenda na kutaka hulala kitanda kimoja.

Wala si Kiswahili peke yake. Mimi nililelewa kwa Kikamba. Kwetu upendo ni "wendo", na Wakikuyu nao husema vivyo hivyo. Kitenzi chake ni "kwenda". Nilipoingia shule na kuanza kujifunza Kiswahili, nilishangaa sana kusikia mwalimu akisema kila mtu anakwenda sokoni, anakwenda mtoni, anakwenda nyumbani. Nikadhani Waswahili ni watu wenye upendo mwingi mno! Lakini hata katika Kikamba, nikisema "ngwenda" nimesema nataka, na nikisema "ningwendete" nimesema nakupenda. Ni ndugu wa tumbo moja. Waganda wakisema "njagala" huenda wanataka maji, na huenda wanampenda mtu. Wahispania, walio mbali kabisa na sisi, mume humwambia mke maneno ambayo ukiyafasiri moja moja ni "nakutaka", naye mke hufurahi. Hata neno la Waingereza la upendo, wajuzi wa lugha husema, lina ujamaa wa kale na neno la Kilatini lenye maana ya "inapendeza".

Wako waliotenga. Wajaluo wana "hero", kupenda, na wana "dwaro", kutaka. Ni maneno mawili mbalimbali, na upendo wao ni "hera". Hata hivyo sijaona kwamba kwa ajili hiyo nyumba za Wajaluo zina ugomvi mdogo kuliko zetu. Lugha nzuri haiokoi mtu.

Sasa, kutaka si dhambi. Mungu ndiye aliyeumba njaa, naye ndiye aliyeumba chakula. Kijana akimtaka msichana na kumwoa, tunavaa nguo nzuri na kupiga vigelegele. Hatari iko mahali pengine. Mtu anaweza kutaka tu, naye akadhani amependa, kwa sababu mdomo wake unasema neno lile lile.

Itazame nyumba ya Isaka. Neno "kupenda" linaonekana kwa mara ya kwanza katika Biblia kwenye Mwanzo 22, aya ya 2, pale Mungu anapomwambia Ibrahimu amtwae mwanawe, yule ampendaye, yaani Isaka. Neno hili lilianzia njiani kuelekea madhabahuni, pamoja na kuni na kisu. Ajabu ni kwamba yule mtoto aliyependwa namna hiyo alipokuwa mtu mzima alipenda namna nyingine. Soma Mwanzo 25, aya ya 28. Isaka alimpenda Esau, na sababu imeandikwa hapo hapo bila haya: ni nyama ya mawindo. Rebeka naye akampenda Yakobo. Kiebrania kina neno "ahav", na neno hilo moja limetumika kwa Isaka kumpenda Esau, na tena katika sura ya 27 kwa Isaka kupenda mchuzi wake mtamu. Mtoto na mchuzi vimewekwa katika chungu kimoja! Yakobo akakua katika nyumba hiyo, akaja kumpenda Yusufu kuliko ndugu zake wote, akamshonea kanzu. Mwisho wa kanzu ile mnaujua.

Hapo wengine mtaniambia, "Mzee, hayo ni ya Agano la Kale. Sisi tuna agape." Nalijua jambo hilo. Nimelisikia katika mahubiri mengi, na mimi mwenyewe nimelihubiri: kwamba Wayunani walikuwa na maneno manne, yaani erosi ya mwanamume na mwanamke, storge ya jamaa, filia ya marafiki, na agape ambayo ni ya Mungu peke yake. Ni fundisho zuri, na ni rahisi kulikumbuka. Lakini linasema zaidi ya kweli. Kabla ya Kristo, Wayahudi walikuwa wamekwisha kuyatafsiri maandiko yao kwa Kiyunani. Katika tafsiri hiyo, 2 Samweli sura ya 13, Amnoni anamtamani dada yake Tamari, anamnasa kwa hila, anamharibu, kisha anamchukia na kumfukuza. Neno lililotumika hapo kwa mapenzi ya Amnoni ni agape. Ndiyo, agape. Katika Agano Jipya lenyewe, Dema alipomwacha Paulo kwa kuupenda ulimwengu, kitenzi ni kile kile cha agape. Mafarisayo waliopenda viti vya mbele, kitenzi ni kile kile. Watu waliopenda giza kuliko nuru, ni kile kile. Tena Baba ampendavyo Mwana, Yohana ameandika kwa agape katika sura ya 3, na kwa neno la filia katika sura ya 5.

Mnakumbuka pia mazungumzo ya Bwana na Petro kando ya bahari, Yohana 21. Bwana anauliza mara mbili kwa neno la agape, na mara ya tatu kwa neno la filia, na Petro anajibu kwa filia mara zote. Wahubiri wengi wamejenga nyumba kubwa juu ya tofauti hiyo. Wataalamu wengi husema Yohana hubadilisha maneno tu, kama alivyobadilisha hapo hapo kondoo na wana-kondoo. Mimi naona hivi: Biblia yetu ya Kiswahili ilitumia neno moja, penda, mara zote, na haikutupunguzia kitu. Kila Petro alipojibu kwamba anampenda, Bwana hakumwuliza maana ya neno. Alimpa kazi ya kulisha.

Kwa hiyo agape ni chombo. Unaweza kutia humo damu ya Kristo, na Amnoni alitia uchafu wake humo humo.

Waliotuletea Biblia kwa Kiswahili walipaswa kuchagua chombo pia. Dakta Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na baada ya miezi michache akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Kaburi la mkewe liko huko Nyali hata leo. Mwaka huo huo alikuwa ameanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Yeye na waliomfuata walikuta pwani lugha yenye maneno mengi ya upendo. Yalikuwapo ya Kiarabu, huba na mahaba, ambayo washairi waliyapenda sana. Lilikuwapo na hili la kibantu, la watu wa jikoni na shambani, penda. Sasa angalieni jambo ambalo mimi sikuliona mpaka nywele zilipokuwa nyeupe. Imani ni neno lililotoka katika Kiarabu. Tumaini pia. Dhambi, rehema, neema, sala, amani, hayo yote yalikuja na bahari. Lakini walipofika kwenye upendo, waliliacha lile la bahari wakachukua la nyumbani. Yale mambo matatu ya Wakorintho wa Kwanza 13, mawili ni wageni na la tatu ni mwenyeji. Mtume alisema hilo la tatu ndilo kubwa.

Sasa nafika mahali pagumu, na naomba usizime redio.

Liko tawi moja la shina hili ambalo nimelitaja harakaharaka kichwani mwa hotuba yangu. Ni upendeleo. Walimu wa sarufi wanajua kauli ya kutendea: kusoma na kusomea, kuleta na kuletea. Ukimtendea mtu, tendo lina upande linakoelekea. Kupendelea ni kupenda kulikopewa upande. Kama mzigo kwenye baiskeli, umeegemea kushoto, na baiskeli haiendi sawa.

Katika Kiyunani haiko hivyo. Petro alipoingia nyumbani kwa Kornelio kule Kaisaria, mtu wa kabila lingine na jeshi lingine, alikiri kwamba Mungu hana upendeleo. Neno alilolitumia Luka hapo limeunganishwa na maneno mawili, uso na kupokea. Mwenye upendeleo ni mtu anayepokea uso, anayetazama kwanza ni uso wa nani. Ni neno zuri, lakini halina undugu wowote na agape. Msomaji wa Kiyunani hawezi kuvichanganya vitu hivyo viwili kwa sikio. Sisi tunaweza. Kwetu upendo na upendeleo ni ndugu, wamezaliwa na mama mmoja, wanafanana sura, na mmoja akibisha mlangoni usiku, unaweza kumfungulia ukidhani ni yule mwingine. Nadhani Kiswahili kimetuonya jambo ambalo hata Kiyunani hakikuweza kulionya.

Mimi nilimfungulia.

Ilikuwa mwaka 1987. Nilikuwa mzee wa kanisa, ningali na nguvu. Kanisa letu liko mji mdogo wa reli, na washiriki walikuwa wa makabila mengi. Tulikuwa tumefanya harambee tukapata fedha za kumlipia mtoto mmoja karo ya kidato cha kwanza. Mmoja tu. Majina yaliyoletwa mbele ya kamati yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa la mwana wa jamaa ya mke wangu. La pili lilikuwa la mwana wa mjane, mama aliyetoka upande wa Ziwa kumfuata mumewe mfanyakazi wa reli. Mume alifariki, na yeye akabaki mjini akiuza samaki wakavu na mboga. Mwana wa mjane alikuwa amemshinda mwenzake kwa alama, tena si kidogo. Kila mtu chumbani alijua.

Sikusema uongo hata mmoja siku ile. Nilisema tu, "Huyu tunamjua. Tunaijua nyumba yao. Na mtu huanza kupenda wa kwake." Wenzangu wakatikisa vichwa. Karani akaandika katika kitabu, nami nilikiona kitabu hicho miaka mingi baadaye: "Kamati, kwa upendo, imekubali kumsaidia…" na jina la yule wetu. Kwa upendo! Ndivyo ilivyoandikwa, kwa wino wa buluu, na sahihi yangu iko chini yake.

Yule wetu alisoma miaka miwili akaacha mwenyewe, hakupenda shule. Yule wa mjane alikwenda kukaa chini ya mti sokoni, akajifunza kutengeneza baiskeli. Ni fundi hodari. Amenizibia mipira yangu tangu hapo, akinitoza bei ile ile anayomtoza kila mtu, wala hajanipunguzia wala kuniongezea. Wakati hana kazi husoma gazeti, hata kama ni la juma lililopita, kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya vifo. Nilikuwa nikimwona akisoma, nami nikipita huharakisha.

Mtu atasema, "Hilo ni jambo dogo, mzee, kamati zote ziko hivyo." Ni kweli ziko hivyo. Lakini sisi tulioishi Kenya mwanzoni mwa mwaka 2008 tunajua mambo madogo hayo hufika wapi yakipewa muda. Tarehe 1 Januari mwaka huo, kule Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilitiwa moto likiwa na watu waliokimbilia ndani, na waliokufa wengi walikuwa wanawake na watoto. Sitasema ni nani alikuwa wa nani. Najua tu kwamba katika kila upande wa ugomvi ule watu walisema wanawapenda watu wao, na katika kila lugha neno hilo lilikuwapo tayari, la kutumiwa.

Basi tutawajuaje hawa ndugu wawili, kama wanafanana hivyo? Iko njia moja nyepesi ya kuanzia. Hakuna mtu awezaye kukuamuru upendezwe. Baba yangu aliniamuru nile mlenda, nikala, lakini hakuweza kuniamuru uwe mtamu. Hata hivyo Mungu ameamuru upendo. Mambo ya Walawi 19, aya ya 18, tumeamriwa kumpenda jirani. Hiyo ndiyo aya aliyoichukua Bwana Yesu na kuifunga pamoja na Kumbukumbu la Torati 6:5. Wengi wetu huishia hapo. Shuka chini kidogo mpaka aya ya 34 ya sura hiyo hiyo ya Walawi. Hapo anatajwa mgeni anayekaa kwenu, na kitenzi ni kile kile, kwa kipimo kile kile. Kama upendo ungekuwa ni kupendezwa tu, amri hizo zingekuwa mzaha. Basi ni lazima uwe kitu ambacho mkono unaweza kukifanya hata kabla moyo haujaona utamu wake.

Walatini waliutaja kwa neno "caritas", na neno hilo lilitoka kwa neno la kitu cha bei kubwa. Waarabu nao husema "ghali" sokoni juu ya bei, na nyumbani juu ya mtoto. Waingereza walichukua neno la Walatini wakaliweka katika Biblia ya mwaka 1611, kwenye ile sura ya 13 ya Wakorintho, lakini kadiri miaka ilivyopita maana yake ikapungua ikawa sadaka anayopewa maskini. Kumbe William Tyndale, aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza mwaka 1526, alikuwa ameweka upendo wa kawaida, neno la watu wa nyumbani. Aligombezwa kwa ajili ya neno hilo, na kwa mengine mengi, na mwaka 1536 akauawa. Tafsiri mpya ya mwaka 1881 ililirudisha neno lake. Nimelitaja jambo hili kwa sababu mtu huyu hakubishana tu juu ya upendo, alilipa.

Na sasa lile somo la kwanza. Wanawake wawili mbele ya Sulemani, mtoto mmoja hai, na upanga. Wote wawili walimtaka mtoto. Ukisikiliza maneno yao ya kwanza huwezi kuwatofautisha. Kila mmoja anasema ni wangu. Upanga unapoletwa ndipo sauti zinapoachana. Kiebrania kinasema rehema za mama yule ziliwaka ndani yake, na neno lililotumika, "rahamim", ni la mzizi mmoja na "rehem", yaani tumbo la uzazi. Mzizi huo huo uko katika Kiarabu, na kwa njia ya Kiarabu ndipo sisi tulipolipata neno rehema. Kila tunapoimba juu ya rehema za Mungu tunataja tumbo la mama, na wengi wetu hatujui. Na tumbo hilo lilifanya nini? Lilimwachilia. Mama aliomba mtoto wake apewe mwizi, mradi aishi. Kutaka kwake kulikufa pale mbele ya kiti cha mfalme, na upendo wake ukabaki umesimama. Yule mwingine alitaka mpaka mwisho, akakubali hata nusu.

Wasikilizaji, sisi Waswahili tumepewa kuliona jambo hilo mahali pengine ambapo wasomaji wa lugha nyingine hawalisikii vizuri. Katika Sala ya Bwana tunayaomba mapenzi ya Mungu. Mwanafunzi mmoja wa shule ya Jumapili aliwahi kuniuliza kwa nini Mungu ana mapenzi, na darasa zima likacheka. Nilimjibu kwamba hapo mapenzi maana yake ni yale Mungu anayoyataka. Jibu lilikuwa sahihi, lakini lilikuwa fupi. Nenda Gethsemane, Luka 22, aya ya 42. Bwana yuko magotini. Anayataja mapenzi yake mwenyewe, kisha anayaweka chini, anayachukua ya Baba. Usiku ule Yesu hakuambiwa apendezwe na kikombe. Aliyaacha mapenzi yake, na kwa ajili hiyo sisi tumejua upendo. Maneno hayo mawili yametoka shina moja, na mahali yalipotengana ni pale bustanini.

Mwaka jana nilikwenda kwa yule mama. Amezeeka, na mimi nimezeeka, na anakaa nyuma ya duka la mwanawe, kwa maana sasa fundi ana duka dogo la vipuri vya pikipiki. Nilikuwa nimepanga maneno yangu kama hotuba hii. Nilipoketi yakapotea yote. Nikasema tu, "Mama, nimekuja kwa ajili ya ile karo ya mwaka 1987."

Akasema, "Nilikuwa nikingoja uje."

Nikaanza kumweleza jinsi kamati ilivyoamua. Akaniinulia mkono ninyamaze. "Mzee, nilikuwa nje ya mlango siku ile. Niliambiwa ningoje nisije nikahitajiwa. Mlipoona nipo mkaacha Kiswahili, mkazungumza kwa Kikamba. Mimi nilikuwa nimeuza mboga na mama zenu miaka tisa. Nilisikia kila neno." Kisha akasema, bila ukali wowote, "Jumapili iliyofuata ulisimama mbele ukatusomea Wakorintho, ile sura ya upendo. Nikajiuliza moyoni, huyu anasoma lugha gani?"

Sikuwa na jibu, na leo pia sina.

Nikamwuliza mbona hakuondoka kanisani. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kitoto. "Kwani kanisa lilikuwa lako?"

Akamwita mwanawe. Alikuja akipangusa mafuta mikononi kwa kitambaa, akaketi juu ya kreti ya soda. Nikamwambia yeye pia, yote, na habari za wino wa buluu. Alinyamaza kwa muda mrefu, mpaka nikasikia maji yakichemka ndani. Kisha akaniuliza kama ile baiskeli yangu bado inaruka mnyororo. Nikamwambia inaruka. Akasema niilete Jumanne, kwa sababu Jumatatu hana nafasi.

Niliipeleka. Alinitoza bei ya kila mtu.

Wapenzi wasikilizaji, na neno hilo leo nalisema kwa hofu kidogo, kwaherini mpaka juma lijalo.